Tufunge barabara ya mtaa siku za mechi za AFCON 2027, au tuiache?

Mwanamtaa_Changombe
Wakuu, AFCON 2027 ni yetu pamoja na Kenya na Uganda, na Uwanja wa Mkapa uko hapa pua na mdomo. Kwenye kikao cha mtaa limeletwa wazo: siku Taifa Stars wanacheza tufunge barabara yetu ya ndani, saa 8 mchana hadi saa 5 usiku, tuweke skrini kubwa, mabanda ya biashara, ngoma na michezo ya watoto. Wengine wanasema hiyo ni fursa, wengine wanasema tunajitafutia balaa. Lami ina upana wa mita 7, kipande kinachotakiwa ni mita 60, na upande wa kushoto kuna mfereji usio na mifuniko. Tufunge au tusifunge?

Dalali_Keko
Tufunge, tena mapema. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa unatosha. Maturubai pande zote mbili, viti katikati, skrini mwisho wa barabara. CHAN ya juzi, ile ya wachezaji wa ligi za ndani, fainali ilipigwa hapa hapa Mkapa, na waliojipanga waliuza mpaka usiku. Naomba kitu kimoja tu: mama lishe wakae kule nyuma kabisa, moshi na uchafu wao usiharibu sura ya mtaa mbele ya wageni.

Kipimo_cha_Futi
Ndugu Dalali, fainali ya CHAN ilichezwa Kasarani, Nairobi, tarehe 30 Agosti 2025, Morocco 3 Madagascar 2. Mkapa tulipata ufunguzi, Stars wakaifunga Burkina Faso 2-0.

Na muhuri wa mwenyekiti hautoshi. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kwa hiyo barua ya kufunga inakwenda kwao. Polisi wilayani wanatakiwa wapewe taarifa ya mkusanyiko kwa maandishi si chini ya saa 48 kabla, lakini kwa siku ya mechi ya taifa kupeleka saa 48 kabla ni kuchelewa, maana mpango wao wa magari na askari utakuwa umeshafungwa. Manispaa ya Temeke wahusishwe kwa upande wa afya na taka, na zimamoto waje kuangalia eneo kabla turubai la kwanza halijasimamishwa.

Sasa chukua tepu. Lami mita 7. Turubai la kawaida ni mita 3 kwa 3. Ukiliweka upande mmoja zinabaki mita 4, hapo gari la zimamoto na la wagonjwa linapita. Ukiweka pande zote mbili umebakiza mita 1, hata mkokoteni wa maji haupiti. Watu wanaosimama watasogea gari likija. Viti vya plastiki 200 havisogei, watu wanavikwaa, wanaangukiana. Kwa hiyo ni turubai upande mmoja tu, ule usio na mfereji, na viti visizidi vile vya wazee na wajawazito, vipangwe ndani ya mstari wa maturubai.

La mwisho, ambalo kwangu ndilo kubwa: uwanja unabeba watu 60,000. Barabara hii watu wanapitia kwenda vituoni mechi ikiisha. Ukiiziba kwa skrini mwisho mmoja, umati unaotoka uwanjani unakutana na umati wako uliosimama, na hapana pa kutokea. Kama ni lazima tufanye, tuhamie uchochoro wa pili wenye njia ya kutokea pande zote mbili, na skrini ikae ubavuni.

Bibi_Sufuria
Nimesoma yote. Mimi nabaki kwenye neno moja: uchafu. Dalali, siku hiyo nani atawalisha hao wageni wako? Watakula muhuri wa mwenyekiti?

Maji machafu hayaletwi na mama lishe, yanaletwa na mpangaji aliyesahau maji. Weka simtanki moja la lita 1,000 lenye koki mbili katikati ya mabanda ya chakula, kila banda liwe na makarai matatu, la sabuni, la kusuuza na la maji ya moto, na pipa la kumwagia maji yaliyotumika ambalo linakwenda kumwagwa chooni, si mferejini. Hakuna tope hata tone. Ukituweka mwisho wa barabara mita 60 kutoka kwenye maji, tutabeba ndoo katikati ya watu, tutamwaga njiani, halafu mtapiga picha mseme mama lishe wachafu. Mnatutengenezea kosa, kisha mnatuhukumu nalo.

Dalali_Keko
Mama yangu, sijakutaja wewe. Nimesema moshi. Moshi ni moshi.

Bibi_Sufuria
Umeandika "moshi na uchafu wao". Rudi juu usome ulichoandika.

Mtungi_Wima
Kwenye moshi Dalali ana haki kidogo, ila dawa yake si kuwasukuma akina mama nyuma. Dawa ni gesi badala ya mkaa. Mtungi wa kilo 15 unapikia siku nzima. Na hapo ndipo ule mfereji aliotaja mleta mada unapokuwa hatari kuliko moshi wote. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu ikapotea, inashuka chini na kutambaa mpaka shimoni. Mtungi ukiwa ukingoni mwa mfereji, gesi inajaa mle ndani bila mtu kuiona, na cheche inaweza kutoka mabanda matatu mbali. Mtungi usimame wima juu ya lami, mbali na mfereji, nje ya kivuli cha turubai, mpira wake usizidi mita moja na nusu. Kabla ya kuwasha, paka maji ya sabuni kwenye kila maungio. Ukiona mapovu yanakua, funga, usiwashe. Mtungi wa akiba usikae bandani. Ukae kwenye kizimba kimoja cha wavu chenye mlinzi.

Kwa wakaanga chipsi: mafuta yakishika moto usimwage maji. Maji yanageuka mvuke mara moja na kurusha mafuta yenye moto juu mpaka kwenye turubai. Kila karai liwe na mfuniko wake wa bati uliolingana, ukae mkono wa kulia wa mpishi. Funika, zima gesi, usifunue mpaka lipoe. Namba ya zimamoto ni 114, iandikwe kwenye kila nguzo.

Mkaa_ni_Mkaa
Mishikaki ya gesi ni mishikaki gani hiyo? Tusiharibiane tamasha. Mkaa ubaki, moto ushughulikiwe.

Mtungi_Wima
Mkaa ubaki kwa wachoma nyama, sawa, ila majivu ndiyo yanayounguza watu siku ya pili. Yanaonekana yamekufa, yanamwagwa kwenye pipa la plastiki pamoja na maboksi, usiku wa manane pipa linawaka. Debe la chuma, maji juu, lisiguswe mpaka asubuhi.

Waya_wa_Shaba
Jamani, mnazungumza nyama, hiyo skrini mmeipigia hesabu? CHAN mechi zilikuwa zinaanza saa 11 jioni na saa 2 usiku. Kwa mechi ya saa 11, projekta haionyeshi kitu, jua bado liko. Mtaangalia kitambaa cheupe. Inatakiwa skrini ya LED.

Chukua ya mita 3 kwa 2, mita za mraba 6. Kila mita ikila wati 700 picha ikiwa nyeupe kabisa, hiyo ni kilowati 4.2. Spika na mikisa kilowati 2, taa nusu. Jumla 6.7. Jenereta la kVA 10 linatoa kilowati 8 tu, tayari umelibana zaidi ya asilimia 80, na birika moja la umeme la muuza chai lina kilowati 2. Anachomeka, picha inakatika dakika ya 88. Chukua kVA 15, na mabanda yapewe laini yao tofauti kabisa na ya skrini.

Halafu waya. Wengi wanavuta wa milimita za mraba 2.5 kwa mita 50. Kwa ampia 15 unapoteza volti 13 na ushee njiani, skrini inaanza kupepesa. Tumia wa milimita za mraba 4, unapoteza 8. Jenereta liwe na nondo ya ethi iliyozama mita 1.2 ardhini, na kikata umeme cha miliampia 30, kile kinachozima umeme ukivuja, kwa kila laini ya mabanda, maana watu watakuwa na mikono yenye maji. Waya upite juu kwenye nguzo, mita 4 na nusu au zaidi. Ukilala chini unakatwa na viatu.

Mnazi_wa_Stars
Kuna jambo hamjaligusa. Hapa tulipo kelele za uwanjani zitaifika skrini kabla ya goli kuonekana. Sauti inachukua kama sekunde 3 kwa kilomita moja, king'amuzi kinachelewa zaidi ya hapo. Watu watashangilia mlio, si mpira.

Jirani_wa_Msikiti
Kelele za uwanjani ni za dakika 90, za spika zenu ni za saa 9. Nataka kujua magharibi na isha itakuwaje. Ombi langu si kufuta tamasha. Spika ziangalie mbali na msikiti, na adhana ikiingia fundi ashushe sauti yote, si kupunguza kidogo. Hilo liandikwe kwenye mkataba wa fundi muziki, lisiachwe kwa hisani ya mtu.

Waya_wa_Shaba
Linawezekana bila ugomvi. Badala ya spika mbili kubwa mbele, weka ndogo nne kila mita 15, kila moja sauti ya chini. Wa nyuma anasikia, na nyumba za jirani hazitikisiki.

Dalali_Keko
Haya yote mazuri, ila mnaongeza gharama. Ndiyo maana nasema maturubai yawe mengi, mabanda yalipie. Na bango kubwa lenye nembo ya AFCON na jina la mdhamini.

Kipimo_cha_Futi
Nembo ya mashindano ni mali ya CAF, shirikisho la soka Afrika, na wadhamini wao wamelipia. Ukiiweka pamoja na jina la duka lako umewaletea mtaa kesi. Andika "Tamasha la Mtaa", basi. Na maturubai hayaongezeki, barabara haijapanuka tangu asubuhi. Mita 60 ukitoa kizimba cha mitungi, simtanki, jenereta na uwazi wa mita 2 kila baada ya mabanda manne, unabaki na mabanda 12 au 13.

Bibi_Sufuria
Kwa hiyo mabanda ni 12. Banda moja ni shilingi ngapi, na mangapi ni ya wakazi? Vyoo je? Kwa wanawake 100 choo kimoja, hilo hakuna aliyelitaja kati yenu wanaume.

Dalali_Keko
Bei itapangwa na kamati.

Bibi_Sufuria
Kamati ina mama lishe wangapi?

Mwanamtaa_Changombe
Hakuna hata mmoja kwa sasa. Bibi, lete majina mawili kabla ya kikao kijacho, waingie kwenye upangaji wa mabanda na bei. Kipimo, naomba mchoro wa huo uchochoro wa pili wenye vipimo.

Dalali_Keko
Mawili ya nini? Moja linatosha.

Bibi_Sufuria
Mawili. Na mabanda ya chakula yanakaa jirani na maji.