Naombeni ushauri: nihamie Ubuntu? Na kwa hifadhidata, DBeaver au Workbench?

KijanaMukono
Habari zenu ndugu. Natunza mfumo wa PHP wa SACCO moja huku Mukono. Windows 10 ilifikia mwisho wa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu ninayotumia haikidhi masharti ya Windows 11. Nafikiria Ubuntu 24.04, mfumo endeshi wa familia ya Linux. RAM ni GB 8. Kusimamia hifadhidata nimezoea programu ya MySQL Workbench, lakini wenzangu wanasifu DBeaver. Kipi bora? Nijibuni mapema, Jumatatu nataka kila kitu kiwe kimekaa sawa.

MwanaArua
Ubuntu, na usisite. Programu ya PHP mara nyingi mwishowe hukaa kwenye seva ya Linux, kwa hiyo iandike pale itakapoishi. Makosa ya njia za faili, ya herufi kubwa na ndogo, ya ruhusa za folda, yote utayaona mezani kwako kabla mteja hajayaona.

DadaJinja
Mimi ningeuliza kwanza kama SACCO itakuja kutumia SQL Server, hifadhidata ya Microsoft. SSMS, programu ya kuisimamia, ni ya Windows peke yake, na Azure Data Studio, iliyokuwa kimbilio la watu wa Linux, Microsoft walitangaza mwisho wake kuwa 28 Februari 2026. Mtu asihame leo halafu mwakani arudi.

KijanaMukono
Hapana dada, ni MySQL tu. MySQL 8 ndani ya XAMPP, kile kifurushi chenye PHP na seva ya hifadhidata pamoja. Swali langu ni Workbench au DBeaver.

FundiNtinda
Ndugu, chombo ni suala dogo. Jumatatu kuna nini? Na hifadhidata yenyewe, ile wanachama wanayowekea pesa, inakaa wapi?

KijanaMukono
Iko salama. Nina nakala kwenye flashi.

FundiNtinda
Sijauliza nakala. Nimeuliza yenyewe inakaa wapi, na hiyo nakala uliitoa vipi.

KijanaMukono
Sawa, niseme. Inakaa kwenye laptopu hii hii. Kompyuta mbili za madirisha ya kuhudumia wanachama zinaiingia kupitia Wi-Fi ya ofisi. Nakala nilikopi folda ya C:\xampp\mysql\data jana mchana. Jumatatu ndiyo siku ya kufungua ofisi, nami nimeshatenga GB 60 za diski kwa ajili ya Ubuntu, na nimewaambia viongozi Windows inafutwa Jumapili. Msinilaumu kwa kutumia laptopu. Umeme ukikatika, betri inaibeba, wakati kompyuta ya mezani ingezima papo hapo na pengine kuharibu majedwali.

MzeeWaMbale
Kijana, humo mna majina, namba za simu na madeni ya watu. Uganda tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019. Anayeshika data za watu anawajibika kuzilinda zisipotee wala kuibwa. Laptopu inayobebwa kwenye boda jioni si mahali pake. Kama lazima ibaki hapo, basi ifungwe kwa mnyororo ofisini, na diski isimbwe kwa LUKS, usimbaji wa diski wa Linux, siku ile ile unapoweka Ubuntu, maana kuisimba baadaye ni kazi kubwa.

FundiNtinda
Hoja yako ya betri naikubali. Ila hiyo folda ya flashi usiitegemee hata kidogo. Umeikopi seva ikiwa inaandika, kwa hiyo faili kuu ya data, ibdata1, ni ya dakika moja, faili za .ibd za jedwali moja moja ni za dakika nyingine, na ib_logfile, kumbukumbu za mabadiliko, hazilingani na yoyote kati ya hizo. Ukijaribu kuifungua mahali pengine unaweza kupata kosa 1932, jedwali linaonekana kwenye orodha lakini injini ya hifadhidata inasema halipo.

Funga madirisha ya huduma jioni, mtu yeyote asiandike, kisha kwenye CMD toa nakala ya maandishi kwa mysqldump:

cd C:\xampp\mysql\bin
mysqldump -u root --single-transaction --routines --events --default-character-set=utf8mb4 --result-file=D:\sacco.sql sacco

Kama root, mtumiaji mkuu wa hifadhidata, ina neno la siri, ongeza -p. Tumia --result-file, usitumie alama ya >. Kwenye PowerShell ya Windows alama hiyo huandika faili kwa UTF-16, usimbaji mwingine wa herufi, na faili hiyo hailodiki upande wa pili. --routines usiisahau pia. Triga, yaani amri zinazojiendesha jedwali likibadilika, hutoka zenyewe, lakini taratibu zilizohifadhiwa hazitoki bila kuombwa.

NyotaYaBusia
Samahani, mimi naona hii hadithi imetungwa. XAMPP haiji na MySQL 8. Tangu Oktoba 2015 inakuja na MariaDB, seva iliyochipuka kutoka MySQL. Na mtu anayeunganisha Workbench na MariaDB huonywa mlangoni kabisa kwamba toleo la seva halilingani. Anayetunza pesa za watu kila siku hajawahi kuliona onyo hilo? Watu wanatumia muda wao kukujibu. Tuwekee matokeo ya SELECT VERSION(). Kama kweli una seva.

DadaJinja
Na mimi nilishangaa, ila sikutaka kusema.

KijanaMukono
Sijatunga ndugu zangu. Onyo huwa linakuja, nami hubonyeza Continue Anyway. Matokeo haya hapa:

10.4.32-MariaDB

Ile 8 nilidhani ni ya MySQL, kumbe ni ya XAMPP, 8.2. Naombeni radhi.

NyotaYaBusia
Nimekubali, na neno langu nalirudisha. Lakini umeona tulipofika? Ungeweka mysql-server kwenye Ubuntu ukidhani unabaki palepale, kumbe unabadilisha seva nzima. Weka mariadb-server. Ubuntu 24.04 ina 10.11, na kutoka 10.4 data inaingia bila shida. Jihadhari tu na njia ya kurudi: data ikishalelewa ndani ya MySQL 8, majedwali yake huwa na mpangilio wa herufi wa utf8mb4_0900_ai_ci, ambao hiyo 10.4 yako haiujui, nayo itakataa kuilodi.

Hapo na swali lako la kwanza limejibika. Workbench haikutengenezwa kwa MariaDB. DBeaver ina kiendeshi cha MariaDB, inafanya kazi Windows na Ubuntu, na kwa GB 8 itatosha. Chukua faili ya .deb, kifurushi cha kawaida cha kusakinisha programu kwenye Ubuntu. Unganisho la data halisi lipe aina ya Production. Linakuwa jekundu, na badiliko halikamiliki mpaka ubonyeze Commit.

FundiNtinda
Mambo matatu yatakayokugonga siku ya kwanza. La kwanza, Windows huhifadhi majina ya majedwali kwa herufi ndogo na haijali ulivyoandika, Linux inajali. Kama PHP inasema Wanachama na jedwali ni wanachama, utapata kosa 1146, jedwali halipo. Weka lower_case_table_names=1 chini ya [mysqld] kwenye /etc/mysql/mariadb.conf.d/50-server.cnf, uwashe upya seva, ndipo ulodi. La pili, root ya MariaDB kwenye Ubuntu huingia kwa soketi, yaani kwa utambulisho wa mtumiaji wa Ubuntu, si kwa neno la siri, hivyo PHP yako itakataliwa kwa kosa 1698. Tengeneza mtumiaji wa hifadhidata kwa ajili ya PHP yako, mwenye haki kwenye hifadhidata ya sacco tu. La tatu, ukifunika laptopu, Ubuntu italala na madirisha yatakwama. Weka HandleLidSwitch=ignore ndani ya /etc/systemd/logind.conf.

Na Windows usiifute Jumapili. Hizo GB 60 zinatosha kuweka Ubuntu pembeni. Lodi, linganisha idadi ya safu mlalo na jumla ya pesa kwa kila jedwali, zikilingana ndipo ufikirie kufuta.

KijanaMukono
Lakini nimeshawaambia viongozi.

MzeeWaMbale
Waambie upya. Watakuelewa zaidi leo kuliko siku salio la mwanachama litakapopotea.

KijanaMukono
Jumamosi usiku. Nimefuata hatua zote na Windows bado ipo. Idadi ya safu mlalo inalingana kila mahali. Michango sawa. Mikopo hailingani: SUM(salio) ya Ubuntu imepungua kwa shilingi 326. Nimelodi mara mbili, tofauti ni ile ile.

NyotaYaBusia
Andika DESCRIBE mikopo. Utuonyeshe aina ya salio.

KijanaMukono
float

NyotaYaBusia
Ndiyo hiyo. FLOAT, aina ya namba ya makadirio, ikigeuzwa kuwa maandishi hutolewa kwa tarakimu 6 tu, na faili ya mysqldump ni maandishi. Salio la 1,234,567 limeandikwa 1234570, lingine limeshushwa badala ya kupandishwa, na jumla yake ndiyo hiyo tofauti. Upande wa Windows mkato huo haujatokea, kwa hiyo rekebisha huko kabla ya kutoa nakala upya, uihamishie DECIMAL, aina isiyokadiria:

ALTER TABLE mikopo MODIFY salio DOUBLE;
ALTER TABLE mikopo MODIFY salio DECIMAL(15,2);

Kagua SUM baada ya kila amri. Na pitia majedwali mengine, popote penye pesa na FLOAT fanya vivyo hivyo. Michango huenda imelingana kwa sababu watu huweka elfu kamili.

KijanaMukono
Nimepata nyingine kwenye faini. Nazibadili zote mbili, natoa nakala upya, nalodi. Viongozi nimewapigia, Windows inabaki hadi mwisho wa mwezi.

FundiNtinda
SUM zikitoka ziweke hapa, za pande zote mbili.