Ditekta ya metali ufukweni Uingereza: ruhusa ni ya nani, na ukiokota kitu unakipeleka wapi?

Mpwani_Essex
Wakuu, habari. Nina ditekta ya frikwensi moja, niko Essex, nataka kutafuta pete na sarafu maji yakipwa. Kuna kibali cha kukata? Nikiokota kitu ni changu? Halafu kwenye mchanga mkavu mashine imetulia, ikigusa mchanga uliolowa inalia ovyo. Shida nini?

Kasa_Mzee
Mkuu, kwanza jua mchanga ni wa nani. Ule unaofunikwa maji yakijaa na kubaki wazi yakipwa, sehemu kubwa iko chini ya Crown Estate, shirika linalosimamia mali ya Taji la Uingereza. Hao wametoa ruhusa ya jumla, huombi kibali; ramani yao iko mtandaoni, iangalie kabla ya kutoka. Mchanga mkavu wa juu mara nyingi ni wa halmashauri, na kila halmashauri ina sheria zake ndogo. Waandikie barua pepe, na jibu ukae nalo kwenye simu, maana mlinzi wa ufukweni hatakubali "niliambiwa".

Kwenye eneo la kale lililoorodheshwa kisheria, kutumia ditekta bila idhini ya maandishi ya Historic England (shirika la kulinda maeneo ya kale) ni kosa kwa sheria ya 1979. Na usijaribu kingo za mto Thames bila kibali cha Port of London Authority (mamlaka ya bandari ya London). Pale hata kuokota kwa macho tu, bila mashine, kunahitaji kibali.

Bi_Mkunguni
Kuhusu "changu": pete ya juzi ina mwenyewe. Kuitia mfukoni bila kujaribu kumtafuta kunaweza kuhesabiwa wizi, kwa hiyo ripoti.

Kitu kisicho sarafu, cha miaka 300 au zaidi, chenye dhahabu au fedha angalau asilimia 10 ni hazina kwa sheria ya 1996. Sarafu za namna hiyo zikiwa mbili au zaidi pamoja, vilevile. Una siku 14 za kumjulisha korona (ofisa wa sheria anayechunguza vifo na hazina). Njia rahisi ni kupitia ofisa wa vitu vya kale wa kaunti yako.

Wengi huteleza kwenye vitu vya meli. Msumari wa shaba au kipande cha shehena kutoka meli iliyozama huripotiwa kwa Receiver of Wreck (ofisa wa serikali wa mabaki ya meli) ndani ya siku 28, hata kama kwako ni takataka. Ukinyamaza, faini hufika pauni 2,500.

Mpwani_Essex
Na sarafu moja tu ya fedha, ya kale?

Bi_Mkunguni
Moja peke yake kwa kawaida si hazina, ila mwenye ardhi bado ana haki yake. Mwoneshe ofisa hata hivyo, na andika mahali ulipoitoa.

Fundi_Koili
Mashine yako haijaharibika. Maji ya chumvi hupitisha umeme, na frikwensi moja inayaona kama metali. Punguza sensitiviti mpaka kelele ikome, kisha ifanyie mizani juu ya mchanga huohuo uliolowa: pandisha na kushusha koili (lile duara la chini linalonusa metali), kama sm 3 hadi 20, mpaka iwe kimya. Ukipunga, usiinue koili mwisho wa mkono. Kuinuka huko peke yake kunazaa mlio wa uongo. Isipotulia, hamia mashine ya frikwensi nyingi. Mashine za palsi (zinazotuma umeme kwa mapigo) huenda chini zaidi na chumvi haizisumbui, lakini hazichagui vizuri: utachimba kila msumari.

Usizime milio ya vishikizo vya makopo ya soda. Pete nyembamba ya dhahabu inalia vilevile, ukikifuta kishikizo umefuta na pete. Chomeka koleo la matundu sm 10 nyuma ya mlio, usije ukakwaruza kitu chenyewe. Toa mchanga, pitisha koili tena shimoni, maana mara nyingi kitu kimebaki. Fukia. Nyumbani suuza koili kwa maji yasiyo na chumvi na uvue kava lake. Mchanga ukibaki humo, mashine inalia.

Kasa_Mzee
Nenda siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali zaidi, saa mbili kabla ya maji kufika mwisho wa kupwa, uyafuate yakishuka. Yakigeuka, geuka nayo. Kwa kuwa uko Essex: Maplin Sands, upande wa Foulness, ni uwanja wa shabaha wa jeshi, na maji hujaa yakitokea hadi nyuma yako. Ditekta isifike huko. Popote pengine, ukifukua chuma kinene cha mviringo chenye kutu, huenda ni bomu la zamani: acha koleo hapohapo, rudi nyuma, piga 999 uombe Coastguard (walinzi wa pwani).