Mweka hazina ametubu kwa machozi. Na pesa zetu je?

Wa Free Area (Nakuru)
Bwana asifiwe wapendwa. Na wasiosali pia salamu. Nisaidieni maana usingizi umenipotea. Chama chetu ni watu 18, tulikuwa tunachanga tununue viti na hema tukodishe kwa harusi na matanga. Mweka hazina wetu ni mzee wa kanisa. Jumapili ya juzi mahubiri yalipoisha alisimama, akaomba maikrofoni, akasema Roho amemchoma moyo, amekula 38,000 za chama. Akalia mpaka leso ikalowa. Pasta akamkumbatia, kina mama wakapiga vigelegele, tukaimba. Jumapili hii yeye ndiye aliyepitisha kapu la sadaka. Nikamvizia mlangoni nikamuuliza pesa tutazipata lini. Akaniangalia kwa huruma kama mimi ndiye mgonjwa: “Dada, Mungu ameshasahau, wewe bado unakumbuka?” Swali langu: mtu akitubu akasamehewa, deni nalo limeoshwa pamoja na dhambi?

Mtumishi Pipeline
Dada, chunga shina la uchungu lisichipuke ndani yako, Waebrania 12:15. Mtu akikiri mbele ya watu amejivua nguo. Wewe hujawahi kukosa? Neema ni bure. Ukianza kudai risiti umesharudi kwenye matendo.

Wa Free Area (Nakuru)
Sidai risiti, mtumishi. Nadai viti.

Mwalimu Mstaafu, Vihiga
Zakayo, Luka 19. Yesu hakumwambia arudishe kitu. Mtu mwenyewe alisimama akasema nusu ya mali naipa maskini, na niliyemnyang'anya namrudishia mara nne. Ndipo Yesu akatamka kwamba leo wokovu umefika nyumbani humu. Tazameni lipi lilitangulia. Halafu hili neno “kutubu” tulilipata kwa Waarabu, na asili yake ni kurudi. Sasa mzee wenu amerudi vipi, na mfuko wa watu bado anao yeye?

Jamaa wa Kondele
Mwalimu umemaliza. Machozi si toba, hata Yuda alijuta. Kama ni kulia na kuungama, hawa ndugu zetu wa kanzu nyeupe na vilemba, wenye ngoma na bendera barabarani, huungama kila Ijumaa. Na Ijumaa ijayo wanaungama zile zile. Ni kama kufua shati moja mpaka linatoboka.

Mtumishi Pipeline
Asante kwa kumtaja Yuda. Yuda alirudisha vipande vyote thelathini, hata kimoja hakubaki nacho, akaenda akajinyonga. Petro hakurudisha chochote, alilia tu. Nani kati yao alitubu?

Binti wa Ninawi
Jamaa wa Kondele, hao “wa vilemba” ni mama yangu na nyanya yangu. Kanisa la Israel Nineveh. Lilianzishwa 1942 na Mwafrika, Zakayo Kivuli, alipotoka kwenye misheni ya Nyang'ori, wakati wengine mlikuwa bado mnasubiri mzungu awapigie kengele. Wewe umewahi kuingia hata Ijumaa moja, au unatuona ukiwa juu ya pikipiki tukikuzibia njia?

Jamaa wa Kondele
Mnaziba kweli lakini.

Binti wa Ninawi
Nitakuambia Ijumaa moja. Nilikuwa na miaka tisa. Nyanya alikuwa anauza mahindi sokoni Luanda. Akasimama mbele ya watu akasema gorogoro yake, lile kopo la kupimia nafaka, ameigonga kitako kwa nyundo, kikaingia ndani, na amepima nayo tangu Pasaka. Hakulia. Aliongea kama mtu anayetaja bei. Siku ya soko iliyofuata akaenda na gorogoro mpya, ile ya zamani ameiweka hapo mbele kifudifudi kila mtu aione, na akawa anaita wateja wake kwa majina anawaongezea kikombe. Nilikuwa nashika gunia. Kuna mama mmoja alikataa cha bure, akaondoka amekasirika, hakurudi kwetu tena. Sasa niambie hilo shati ni lipi.

Bodaboda Mdogo
Gorogoro za Luanda bado zina kitako cha kuingia ndani mpaka leo, hao wengine wataungama lini 😂

Nyar Ahero
Si Luanda peke yake. Ahero wanaigonga ubavuni. Ukipima mchele unashangaa nyumbani umepungua njiani.

Bodaboda Mdogo
Kibuye ndiyo wataalamu. Wanaweka kidole gumba ndani wakipima.

Jamaa wa Kondele
Binti, nimekusikia, sikumtukana nyanya yako. Nasema tu hii desturi ya kusema dhambi hadharani ni ya wazungu wa uamsho wa Kampala, si ya Biblia.

Mwalimu Mstaafu, Vihiga
Kijana, hapo umeteleza mara mbili. Kwanza Yakobo 5:16, ungameni ninyi kwa ninyi. Na Matendo 19 watu wa Efeso walikuja wakidhihirisha matendo yao, wakachoma vitabu vya uganga vya thamani ya fedha elfu hamsini. Walichoma, hawakuviuza. Pili, uamsho ulikuwa na mzungu mmoja daktari, Joe Church, lakini alikutana na Mganda, Simeoni Nsibambi, pale Namirembe 1929, wakaomba pamoja, na moto wenyewe ukawaka Gahini, Rwanda. Ulipofika kwetu baba yangu alirudisha jembe la shule alilokuwa amekaa nalo miaka minne. Mwalimu mkuu hakujua hata kwamba limepotea.

Nyar Ahero
Na mseme yote. Huku Nyanza kusemana dhambi kulivunja kanisa. Johera, watu wa upendo, na Joremo, watu wa damu, yaani walokole. Kasisi Ajuoga wa Johera akatoka na watu wake kama 1957. Babu alikuwa anasema ukikutana na mlokole njiani anakuuliza habari ya roho yako kabla hajakuuliza habari ya watoto. Ukikosa dhambi ya kumwambia anakutafutia.

Wa Parokiani, Nakuru
Ndiyo maana sisi hatuna maikrofoni. Unaungama kwa padre, yanaishia hapo. Na kwa swali la dada, Katekisimu namba 1459 haina mzunguko: ondoleo linaondoa dhambi, haliponyi madhara iliyoleta. Aliyeiba arudishe.

Mtumishi Pipeline
Salamu Maria tatu na umemaliza. Rahisi kweli.

Wa Parokiani, Nakuru
Mtumishi, heshima. Padre akifichua alichosikia kwenye maungamo anajitenga na Kanisa papo hapo, bila hata kesi. Pasta wako ametumia siri za watu wangapi kama mifano ya mahubiri? Usinijibu, ihesabu tu kimoyomoyo.

Mtumishi Pipeline
Sijibizani na wasiomjua Bwana.

Wa Parokiani, Nakuru
Umeshajibu.

Mama wa Watatu, Kakamega
Naomba niseme kitu kisha niende kwa ng'ombe. Nilipata mimba nikiwa kidato cha tatu. Nilisimamishwa mbele ya kanisa, nikaambiwa nikae benchi la nyuma miezi sita, nisiimbe kwaya, nisiguse meza ya Bwana. Aliyenipa alikuwa anapiga gitaa Jumapili ile ile na hakuna aliyemtaja. Huyu mzee wenu amekula 38,000 akakumbatiwa na kupewa kapu. Mimi sikumwibia mtu hata sindano. Mjadiliane na Yuda wenu.

Bodaboda Mdogo
Pole mama. Huyo wa gitaa yuko wapi siku hizi?

Mama wa Watatu, Kakamega
Ni mchungaji.

Jamaa wa Kondele
😳

Msimamizi
Ndugu, tusitaje makanisa wala watu. Turudi kwa swali la dada wa Free Area.

Wa Free Area (Nakuru)
Asante. Kuna jambo nililiruka. Alhamisi kabla ya ile Jumapili, katibu alikuwa ameshaomba taarifa ya M-Pesa ya miezi sita. Na kitabu cha chama kimepakwa ile rangi nyeupe ya kufutia kwenye kurasa tatu. Ukiinua ukurasa ukatazama na dirisha, namba za zamani zinaonekana.

Jamaa wa Kondele
Kumbe Roho aliyemchoma ni Safaricom!

Mtumishi Pipeline
Mungu hutumia chochote. Kwa Daudi alimtumia Nathani. Daudi naye hakwenda mwenyewe, alifuatwa mpaka nyumbani. Zaburi 51 ilikuja baadaye.

Mwalimu Mstaafu, Vihiga
Mtumishi, hapo nakubaliana nawe, andikeni tarehe. Lakini kabla Daudi hajajua kwamba anahukumiwa yeye, alishatoa hukumu kwamba yule mwana-kondoo alipwe mara nne. Na torati inatofautisha. Kutoka 22, mwizi akikamatwa na kitu mkononi hulipa mara mbili. Walawi 6 ni amana hasa, mtu aliyewekewa kitu na mwenzake akakikana: arudishe chote na kuongeza sehemu ya tano. Hesabu 5 inamtaja anayeungama, naye ni hivyo hivyo.

Nyar Ahero
Kwa hiyo ni 45,600 kama aliungama, na 76,000 kama alikamatwa.

Wa Parokiani, Nakuru
Alikamatwa. Alhamisi inatangulia Jumapili.

Mtumishi Pipeline
Taarifa iliombwa, haikuwa imefika. Aliungama. 45,600.

Binti wa Ninawi
Mtumishi leo amedai risiti 😂

Wa Free Area (Nakuru)
Mimi nitamwambia 45,600. Sitaki kugombana na mzee, mkewe tuko naye kwaya moja.

Bodaboda Mdogo
Aweke na ya kutoa. Nimegawanya kwa watu 18: kila mtu 2,533, zinabaki shilingi sita. Hizo sita mziweke kwa kapu la sadaka.

Mama wa Watatu, Kakamega
Kapu linapitishwa na nani?