Tupeane uzoefu: mwili na unyumba baada ya upasuaji wa kupunguza uzito

Mwanzisha mada, Tabora mjini

Ndugu zangu, naomba tuzungumze kwa heshima jambo ambalo wengi wetu tuliopasuliwa ili kupunguza uzito tunalibeba kimya. Kuhusu mlo, vitamini na maji ya kunywa tumeelekezana vya kutosha. Kuhusu chumbani hakuna anayeuliza, na anayeuliza huonekana amekosa haya. Nina miaka 44. Mwezi Machi mwaka juzi nilipanda treni kwenda Dar es Salaam nikiwa na kilo 131, nikafanyiwa ule upasuaji wa matundu madogo unaoondoa takribani robo tatu ya tumbo la chakula na kuliacha jembamba kama ndizi. Leo nina kilo 82. Sukari imeshuka, magoti yametulia, nami namshukuru Mungu. Lakini kwa mwaka mzima wa kwanza, isipokuwa usiku mmoja, sikukubali mume wangu anione taa ikiwaka.

Kilo zilipoondoka, ngozi haikuondoka nazo. Tumbo lilining'inia juu ya mapaja, nyama za mikono zikalegea, matiti yakabaki kama mifuko mitupu, na mwezi Oktoba, joto la Tabora linapokuwa kali kabla ya mvua kuanza, chini ya mkunjo wa tumbo nilitokwa na upele wenye harufu ulionifanya nioge mara tatu kwa siku na kulala ukingoni mwa kitanda. Kabla ya upasuaji nilisaini karatasi nyingi, nikaelezwa habari za damu kuganda na mshono kuvuja. Neno ngozi halikutajwa. Baadaye daktari mwingine ndiye aliyenieleza kwamba ngozi iliyovutwa kwa miaka mingi hupoteza uwezo wa kujirudi, kwamba mazoezi hujaza misuli lakini hayaondoi ngozi iliyozidi, na kwamba upasuaji wa kuiondoa husubiri kwanza uzito utulie, kwa kawaida mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu. Laiti ningeambiwa mapema, nisingejilaumu kwamba kuna mahali nilikosea masharti.

Kuna jambo la shanga pia, na dada zangu mtanielewa. Nilitungiwa na somo wangu kabla ya kuolewa, na kila nilipoongezeka mwili nilizitunga upya kwa uzi mrefu zaidi. Usiku mmoja, mwezi wa nane baada ya upasuaji, nilijikaza nikazivaa, zikateleza hadi miguuni nikiwa nimesimama mbele ya mume wangu. Aliziokota, akaziweka sandukuni, akazima taa. Nilikiona kimya kile kuwa ni dalili kwamba amenichoka. Miezi mitano ilipita kabla sijathubutu kumuuliza, naye akanijibu kwamba alizima taa kwa sababu aliniona ninalia.

Naomba kila mwenye lake aeleze, bila kutaja jina la mtu wala la hospitali.

Mama wa wawili, Ujiji

Shikamoo dada. Umenitoa machozi, hasa kwa habari ya shanga.

Mimi nilifanyiwa India, aina ile ambayo tumbo la chakula linaunganishwa moja kwa moja na utumbo, na chakula huruka sehemu yake ya mwanzo. Nilirudi Ujiji nikiwa bado mnene, watu wakanipokea vizuri. Mwezi wa sita baada ya upasuaji, nilipokuwa nimepungua kilo 38, ndipo maneno yalipoanza. Mnafahamu kwetu mke akinona husemwa kwamba mume anamtunza, na akikonda ghafla watu huhesabu magonjwa, ya kwanza likiwa lile tunalolijua sote. Nywele nazo zilikuwa zikinyonyoka, jambo ambalo ni la kawaida kati ya mwezi wa tatu na wa sita na hupita lenyewe, lakini nani angelijua sokoni? Mama mkwe alimwita mwanawe pembeni. Mume wangu, ambaye alinisindikiza mwenyewe uwanja wa ndege na kuona vyeti vyote, alikwenda kupima kwa siri.

Nilikuta karatasi ya majibu mfukoni mwa suruali nikiwa nafua. Sijawahi kuumia namna ile. Hata hivyo, baada ya siku tatu za kutosemezana nilimwambia twende tukapime wote wawili, na tulikwenda. Majibu yalikuwa salama, naye aliyapeleka mwenyewe kwa mama yake.

Lakini karatasi ile haikunirudishia hamu ya unyumba. Nilikuwa nachoka saa mbili usiku kama mtu aliyelima kutwa. Kumbe madini chuma yalikuwa chini sana, kwa kuwa sehemu ya utumbo inayorukwa na chakula ndiyo hasa inayofyonza chuma, nami nilikuwa nimeacha vidonge kwa kuona vinanipa kichefuchefu. Niliwekewa chuma kwa mshipa, na baada ya wiki chache nikaanza kujisikia mwanamke tena. Kwa hiyo, dada zangu, kabla ya kudhani kwamba ndoa imekufa, kapimeni damu.

Lililotusaidia zaidi lilitoka kwa shangazi yangu, ambaye ni kungwi. Alimwagiza mume wangu anikande kwa mafuta ya mise, yale ya mbegu za mchikichi, kila jioni kwa muda wa mwezi mzima, mgongo, mikono na hatimaye tumbo lenyewe lenye makovu, na akamkataza lolote zaidi ya hapo. Wiki ya kwanza nilikaza mwili kama ubao. Wiki ya tatu nilijikuta namsubiri. (Wanaotumia kondomu wakumbuke kwamba mafuta huharibu mpira wake.)

Mzee wa Kibirizi, Kigoma

Salaam kwa wote. Nina miaka 51, nilikuwa na kilo 148, na wanaume tunajificha zaidi ya akina mama katika jambo hili, kwa hiyo nitasema wazi.

Kwa miaka sita kabla ya upasuaji nguvu za kiume zilikuwa zimenipungua, nikawa nanunua mizizi na unga kwa kila aliyenisifia dawa yake. Fedha zilizokwenda huko sizitaji. Hakuna muuzaji aliyeniambia kwamba mafuta mengi mwilini hugeuza homoni ya kiume kuwa ya kike, na kwamba sukari na shinikizo la damu huharibu mishipa ileile inayopeleka damu sehemu hiyo. Daktari aliyenipasua alinieleza kwa dakika tano tu, nikaona miaka sita imepotea bure. Nilipopungua, homoni ilipanda, na kufikia mwezi wa saba baada ya upasuaji asubuhi zangu zilikuwa za kijana.

Kifua ndicho kilichobaki. Ngozi ya kifua ilining'inia kama ya mama aliyenyonyesha, nikawa nalala na fulana hata katika joto la ziwani, na hata kuoga ziwani na wenzangu niliacha. Mke wangu alidhani namficha alama za mwanamke mwingine. Tusimlaumu, mume ambaye hakulala naye kwa miaka, ghafla amepungua, ananunua mashati mapya na anavua nguo gizani, wewe ungedhani nini? Tuligombana hadi wazee wakaitwa. Mbele ya wazee nilivua fulana. Mke wangu alinyamaza, akaniomba niivae, na tangu siku ile sijalala nayo.

Mwanzisha mada

Kaka, ahsante kwa ujasiri huo. Hayo ya wivu hayakupati peke yako: utafiti mkubwa wa Uswidi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba waliofanyiwa upasuaji huu walioana au kuanza uhusiano mpya zaidi ya wenzao wanene ambao hawakufanyiwa, na waliokuwa tayari kwenye uhusiano waliachana zaidi pia. Sisemi hivyo kuwatisha wanaojiandaa. Nasema kwa sababu naona wenza wetu huachwa nje ya mlango wa daktari, halafu tunashangaa wanapokosa la kufanya.

Dada wa Nzega

Langu ni fupi. Mayai yangu yalikuwa hayakomai, hedhi ilikuwa inakuja mara tatu kwa mwaka, na nilishakata tamaa ya mtoto wa pili. Miezi minne baada ya upasuaji hedhi ilirudi kila mwezi. Nilikuwa nikimeza vidonge vya uzazi wa mpango huku nikitapika mara kwa mara, na mwezi wa saba nikapata mimba, wakati madaktari hushauri kusubiri mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu. Mtoto yu hai na ana afya, Mungu ni mwema, ila mimba yote niliishiwa damu. Aliyefanyiwa aulize mapema habari ya kijiti au kitanzi, kwa sababu havimezwi wala havipiti kwenye tumbo la chakula.

Binti wa Urambo

Shikamooni wakubwa zangu. Nina miaka 27 na sijaolewa. Yupo kijana ambaye amenifahamu nikiwa hivi nilivyo sasa, na wazazi wake wanataka kuleta posa. Hajui kwamba nilikuwa na kilo 120, na hajui chini ya dera kuna nini. Je, nimwambie kabla ya posa?

Mama wa wawili, Ujiji

Marahaba mwanangu. Mwambie kabla, mkiwa mmekaa mahali tulivu, na umwonyeshe picha ya zamani. Usimwombe radhi. Utakaa na daftari la vitamini maisha yako yote, hutaweza kulificha kwa mume, na makovu ya tumboni atayaona usiku wa kwanza. Ni afadhali usiku huo asiwe na jambo la kuuliza.

Mwanzisha mada

Nami naunga mkono. Nimeulizwa faraghani kama nitaondoa ngozi. Fedha nimeanza kuweka, ila kwa ajili ya upele zaidi kuliko kwa ajili ya mume. Sasa nasubiri kuwasikia wenza, maana hadi sasa tumeongea wenye makovu tu.

Mume, Tabora

Nimesoma yote tangu jana. Mke wangu alifanyiwa mwaka jana. Nilimpenda akiwa mnene, na mkono wangu ulizoea kulala mahali fulani mgongoni pake ambapo sasa nagusa mifupa. Mara ya kwanza nilipougusa niliuondoa mkono, naye aliona. Nilikuwa naogopa kumuumiza, na pia nilikuwa naukumbuka mwili wa zamani, na hilo la pili niliona ni dhambi kulitamka kwa mtu aliyeteseka vile kwa ajili ya afya yake. Kwa hiyo sikusema hata lile la kwanza. Yupo Mpanda kwa dada yake, anarudi na treni ya Jumamosi. Nitampa simu asome hapa, halafu nitamuuliza kama naruhusiwa kuweka mkono palepale.