Sosholojia UDOM, Mipango au Hombolo: binti wa HGL aelekee wapi?

Baba Mdogo Kondoa
Wakuu, habari za jioni. Binti wa kaka yangu kamaliza kidato cha sita, kombi ya HGL: Historia C, Jiografia D, Kiingereza D. Mambo ya jamii yako damuni; ndiye anayeandika kumbukumbu za vikao vya kikundi cha akina mama kijijini kwetu. Ada ya chuo binafsi hatuiwezi, hivyo tunatafuta chuo cha umma hapahapa Dodoma. Tumebaki na vitatu: sosholojia Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), shahada Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, au stashahada ya maendeleo ya jamii Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo. Waliopita huko naomba mtufungue macho.

Mhitimu wa Chimwaga
Mzee, shikamoo. C ni pointi 3, D mbili ni 4, jumla ana 7. Shahada inadai principal mbili, yaani ufaulu kamili wa masomo mawili, zenye jumla ya pointi 4; hata C na D moja zinampa 5, kwa hiyo amevuka vizuri. Mimi nasema UDOM.

Sosholojia itampa nadharia za jamii, jinsia, familia, mambo ya idadi ya watu na mbinu za utafiti. Halafu mahali penyewe. Chuo kilianza 2007 pale Chimwaga, kwenye ukumbi ambamo CCM ilimpitisha Mkapa kugombea urais mwaka 1995. Bunge liko mjini, wizara ziko Mtumba. Anayesoma jamii na siasa haoni mambo hayo kwenye taarifa ya habari tu, anaishi jirani nayo.

Ila ajue chuo ni kikubwa mno, kilipangwa kubeba wanafunzi 40,000. Hakuna mwalimu atakayekugongea mlango kukuuliza umesoma. Nimewaona wenzangu wakimaliza miaka mitatu bila kuweza kuandaa dodoso la maana, na inauma kwa sababu uwezo walikuwa nao.

Mpangaji Miyuji
Naheshimu UDOM, lakini kwa binti mwenye moyo wa kijijini, Mipango. Chuo kile kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1980 kwa ajili ya maendeleo vijijini, na masomo yake yanaegemea huko: takwimu, bajeti, andiko la mradi, ufuatiliaji na tathmini.

Niwape picha ya kazi yenyewe. Kuna utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo ambao halmashauri hutumia kuibua mipango ya vijiji. Unafika kijijini, wananchi wanachora ramani ya rasilimali zao ardhini kwa kijiti. Ukiwaweka pamoja, wanaume wanataja barabara na mnada. Ukiwatenga akina mama, ya kwanza ni maji, ya pili zahanati. Kijiji kilekile, mpango tofauti. Asiyejua kuwatenganisha ataandika mpango wa wenye sauti kubwa, na kisima kitachimbwa pale panapofikika kirahisi kwa gari la mgeni. Hiyo ni sayansi ya jamii hasa. Kuisoma kitabuni tu hakutoshi.

Mtendaji wa Kata
Jamani, mnashindanisha vyuo. Mimi naomba mzee aanze na tangazo la kazi. Afungue matangazo ya Sekretarieti ya Ajira asome sifa za kada neno kwa neno.

Afisa Maendeleo ya Jamii wa ngazi ya shahada: kwa kawaida wanataja Elimu ya Jamii (ndiyo sosholojia), Masomo ya Maendeleo, Mipango na Usimamizi wa Miradi, Jinsia na Maendeleo. Sosholojia imo. Shahada yenye jina geni, hata kama masomo ni yaleyale, inaweza kuenguliwa kwenye mchujo, nimeona vijana wakilia kwa jambo hilo. Mtendaji wa Kijiji: tangazo lenyewe huitaja Hombolo kwa jina, kisha "au chuo chochote kinachotambuliwa na Serikali". Kwa hiyo msiidharau Hombolo. Iko mbali na mjini, lakini inafundisha serikali za mitaa zinavyokwenda: vikao, mapato, sheria ndogo.

Kazi zenyewe zipo. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa vikundi, yaani 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, inamhitaji mtu anayejua kutofautisha kikundi hai na kikundi cha karatasi. Huyo anayeandika kumbukumbu za akina mama ameshaanza.

Dada Veyula
Mwangalie na mkopo. Kwa stashahada, mikopo imeelekezwa fani za kipaumbele kama afya, uhandisi na ualimu wa sayansi. Maendeleo ya jamii msiitegemee humo. Shahada anaweza kuomba Bodi ya Mikopo. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe mapema RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na kama kaya iko TASAF, mfuko wa kusaidia kaya maskini, waweke taarifa hizo. Akianza kazi anakatwa asilimia 15 ya mshahara, ajue tangu leo.

Isitoshe Hombolo ni miaka miwili, akitaka shahada baadaye ni mitatu tena, na anatakiwa GPA (wastani wa alama za stashahada) ya 3.0. Mwenye pointi 7 kwa nini azunguke?

Baba Mdogo Kondoa
Mungu awabariki. Hisabati kidato cha nne alipata F. Mipango watamkubali?

Mpangaji Miyuji
Inategemea kozi. Fungua mwongozo wa udahili wa TCU, tume ya vyuo vikuu, wa mwaka huu, usome sharti la kila kozi, maana ndani ya chuo kimoja moja inadai hisabati na nyingine haidai. Na popote atakapokwenda, takwimu haikwepeki. Aanze mapema kujifunza jedwali na asilimia.

Baba Mdogo Kondoa
Nimeongea naye sasa hivi. Kaweka UDOM sosholojia ya kwanza, Mipango ya pili kama sharti la hisabati halitamzuia. Hombolo tunaiacha.

Mtendaji wa Kata
Sawa kabisa. Majibu ya udahili yakichelewa, asikae bure. Aende kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yenu, aombe kukaa kwenye vikao vya vikundi vinavyoomba hiyo asilimia 10. Aende na daftari.