Anthurium warocqueanum ndani ya nyumba: sfagnamu, makumbi ya nazi au magome?

JaniRefu (Nairobi): Wakuu, tulinganishe vya kupandia anthuriamu hii. Kwao ni misitu ya mvua ya Colombia, huota imeshika miti, na jani lake la mahameli hupita mita 1, kwa hiyo udongo wa bustani haufai. Machaguo ninayoona ni sfagnamu (kuvumwani mkavu unaoshika maji), makumbi, au magome ya msonobari na pumisi (mawe mepesi ya volkano yenye vitundu). Mche una majani mawili, chungu sentimita 10.

Mkaa_Pumisi (Nakuru): Kwa mche mdogo hivyo, sfagnamu. Mizizi yake ni myembamba na haivumilii ukavu. Ikikauka ncha hufa, na jani linalofuata hutoka dogo. Loweka sfagnamu dakika 20, ikamue ibaki na unyevu bila kuchuruzika, uipange kwa mkono mwepesi. Changanya na perlaiti (chembe nyeupe nyepesi za kupitisha hewa), sfagnamu sehemu 3 kwa perlaiti 1. Ukiishindilia hewa haipiti na mizizi itaoza hata ukimwagilia kwa uchache. Ikianza kuvunjikavunjika na kuwa tope, kwa kawaida baada ya mwaka hivi, ibadilishe.

Magome yasubiri mmea ufikie chungu cha sentimita 15. Kwa sasa yatakauka upesi mno.

BintiMnazi (Tanga): Bara sawa. Huku Pwani miezi ya kaskazi usiku nao una joto, na sfagnamu inayokaa chepechepe kwenye joto hilo huozesha mizizi. Tena ni ya kuagiza, ghali. Mimi naipigia kura makumbi, ila si makumbi yoyote: yale yaliyofukiwa ufukweni kwa kazi ya kamba yamejaa chumvi, achana nayo. Chukua ya nazi zilizofuliwa shambani. Kata vipande vya sentimita 1 hadi 2, loweka saa 24, mwaga maji, rudia mara tatu. Maji ya mwisho tia kalsiamu naitreti gramu 5 kwa lita, yakae usiku kucha, kisha suuza. Ukiruka hatua hii makumbi yatanyang'anya mmea kalsiamu, na majani machanga yatatoka yamepinda, ncha zimekufa. Halafu changanya makumbi 3, mkaa uliovunjwa na kuchekechwa vumbi 1, pumisi 1.

JaniRefu: Asante dada. Na maji ya kisima?

Feni_Ndogo (Nairobi): Hapo ndipo penye kazi, mkuu, kuliko hicho unachopandia. Visima vingi vya Nairobi vina floraidi nyingi, na kuyachemsha hakuiondoi. Kinga maji ya mvua. Mwagilia mpaka yatoke chini ya chungu ili chumvi isijikusanye; kingo za majani zikiwa kahawia na kavu, shuku chumvi kwanza. Mbolea ya 20-20-20 (naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa viwango sawa), robo gramu kwa lita, yatosha.

Kingine ni hewa. Lenga unyevu wa asilimia 70 hadi 80. Ukipungua sana, jani jipya hunasa likifunguka na kuchanika, na utitiri huingia upande wa chini. Kunyunyizia maji hakusaidii, hewa hurudi ukavu dakika chache tu baadaye. Kabati la kioo au boksi la plastiki angavu, na feni ya kompyuta ikizunguka polepole, ndiyo suluhisho. Bila feni utapata madoa ya ukungu. Julai, usiku wa ndani ukishuka chini ya nyuzi 15, mmea husimama kukua. Punguza maji, hasa ukiwa na sfagnamu.

Mkaa_Pumisi: Naafiki. Kwa Nairobi, sfagnamu ndani ya kabati. Nje ya kabati hata makumbi hayataokoa jani.

BintiMnazi: Na siku ya kuhamishia kwenye makumbi, using'oe sfagnamu yote, iliyoshikana na mizizi iache. Mizizi inayochomoza juu ya shina ifunge kwa sfagnamu mbichi kidogo, ikishakuwa na urefu wa sentimita 3 ndipo ushushe mmea chini zaidi kwenye chungu.