Mashine ya mihimili mitano yenye spindeli ya kulala kwa vipande vya ndege: tudai majaribio gani kabla ya kusaini?

KarakanaWichita
Wakuu, habari za kazi. Karakana iko Wichita, Kansas, tunachonga vipande vya ndege kwa mkataba. Tunatafuta mashine moja ya mihimili mitano (inasogea katika njia tano za mwendo), spindeli ya kulala (sehemu inayozungusha kikatio), paleti mbili (meza za kubadilishana) za 630 mm. Kazi zetu: kama asilimia 70 ni mbavu za bawa na braketi za alumini 7050-T7451, kipande kirefu kabisa 600 mm, kuta 1.5 mm. Asilimia 30 ni braketi za titani Ti-6Al-4V zinazokuja kama mabonge yaliyofuliwa.

Profoma mbili ziko mezani:

A: mizunguko 24,000 kwa dakika, HSK-A63 (aina na saizi ya mdomo wa kushikia holda ya kikatio), 80 kW, meza inayoinama na kuzunguka (A na B zote mezani).
B: mizunguko 12,000, HSK-A100, 50 kW, toki (nguvu ya kuzungusha) 300 Nm, kichwa kinainama na meza inazunguka.

Muuzaji wa A anasema inafanya kazi zote mbili. Kwa jaribio la kupokea mashine anapendekeza koni moja ichongwe kiwandani kwao, ikipita tunasaini. Tolaransi zetu ngumu ni wasifu wa 0.1 mm kwa jumla na nafasi ya matundu 0.05. Mngechagua ipi, na mngeandika nini kwenye mkataba?

TokiKwanza
Mkuu, kabla ya yote: hiyo 70 kwa 30 ni ya idadi ya vipande au ya saa za spindeli? Titani inakatwa polepole, kwa hiyo asilimia 30 ya vipande inaweza kula zaidi ya nusu ya saa za mashine. Hesabu saa.

Sasa "inafanya zote mbili". 80 kW za mashine A zipo juu ya mizunguko fulani tu, chini ya hapo toki haiongezeki tena na nguvu inashuka pamoja na mizunguko. Tuseme 80 kW zinaanzia mizunguko 10,000: toki ni 9550 × 80 ÷ 10,000, yaani 76 Nm. Peleka hiyo kwenye titani. Kikatio cha kipenyo 50 mm kwa mita 50 kwa dakika kinazunguka mara 318 tu. Kina 40 mm, upana 25 mm, meno 4, kila jino 0.1 mm: unaondoa karibu sm³ 127 kwa dakika. Ukichukua nguvu mahususi ya ukataji 2000 N/mm², inahitajika kama 4.2 kW. Kiasi kidogo, sivyo? Lakini kwa mizunguko 318, hizo 4.2 kW ni toki ya 127 Nm. Mashine A inasimama hapo hapo. B inapita bila jasho.

Ila B nayo usiipambe. Kikatio cha 80 mm chenye vidonge (meno ya kubadilisha), kina 75, upana 40, meno 6, kila jino 0.12, kinadai karibu 690 Nm. Kwa 300 Nm utapunguza kina au upana hadi chini ya nusu. Mashine zilizoundwa kwa titani tu zinavuka 1000 Nm, na ndiyo maana bei zake zinatisha.

Upande wa alumini A inashinda. Endimili ya 12 mm yenye meno 3, 0.1 mm kwa jino: B inatembea 3,600 mm kwa dakika, A 7,200. Kwenye kuta nyembamba, muda mwingi unaishia kwenye umaliziaji kwa vikatio vidogo, kwa hiyo tofauti hiyo utaiona kila siku.

Usiache pia kudai mchoro wa toki na nguvu dhidi ya mizunguko, ule wa kufanya kazi mfululizo. Wauzaji hupenda kuonyesha ule wa dakika chache. Na HSK-A63 inavutwa kwa takriban 18 kN, HSK-A100 kwa 45. Kwenye titani kikatio kirefu kinayumbia mdomoni mwa holda, kwa hiyo tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi.

MamaVipimo
Nijibu la majaribio. Koni peke yake haitoshi. Asili yake ni kiwango cha NAS 979 cha mwaka 1969, na leo imo ndani ya ISO 10791-7. Inaonyesha kama mihimili mitano inaweza kwenda pamoja, lakini mwendo wake ni laini. Mashine iliyorekebishwa vizuri asubuhi, koni moja, mtu wao mwenye uzoefu: itapita. Toleo la 2020 la kiwango hicho lina pia kipande chenye umbo la S. Hapo mihimili ya mzunguko inageuza mwelekeo na kuongeza kasi ghafla, kwa hiyo udhaifu wa mota na marekebisho unajitokeza kwenye uso wa ukuta. Dai S.

Halafu haya, kwa mpangilio huu huu:

1. Tufe. Funga tufe la kupimia mezani mbali na kitovu, weka saa ya kupimia (geji yenye sindano) kwenye spindeli, washa hali ya kufuata ncha ya kikatio (G43.4 kwa Fanuc, TRAORI kwa Siemens, M128 kwa Heidenhain), kisha zungusha mihimili yote miwili. Sindano isitembee zaidi ya mtakayokubaliana, mimi nadai 0.02. Fanya mashine ikiwa baridi. Kisha spindeli izunguke saa mbili kwa asilimia 75 ya mizunguko ya juu, mihimili ikitembea, na mrudie bila kusahihisha chochote. Jibu la pili ndilo la kweli.

2. Hatua. Chonga nusu ya uso mmoja mhimili B wa meza ukiwa nyuzi 0, nusu nyingine ukiwa nyuzi 180, kwa kikatio kile kile. Hatua ya 0.02 mm ukucha unaishika. Ni jaribio rahisi, na linafichua kitovu cha mzunguko kilichokosewa kuliko ripoti ya kurasa kumi.

3. Pembe. Sekunde moja ya pembe ni karibu maikromita 4.85 kwa mita. Kosa la sekunde 10 kwenye nusu kipenyo cha 400 mm ni maikromita 19, yaani zaidi ya robo tatu ya maikromita 25 (nusu ya 0.05) ambazo tundu linaruhusiwa kuhama, kabla hujahesabu kosa la probu na la jigi. Uliza kama mihimili ya mzunguko ina skeli yake ya moja kwa moja au inategemea enkoda ya mota nyuma ya gia.

4. Paleti. Pima tundu moja kwenye kila paleti, badilisha mara 10, pima tena kila mara.

Kuhusu takwimu za brosha: "usahihi 0.003" bila jina la kiwango haina maana. Omba ripoti ya ISO 230-2 (kiwango cha kupima usahihi wa mihimili) ya mashine yako yenye namba yake, iliyopimwa angalau mara tano kila upande. Thamani za JIS (viwango vya Japani) za zamani huonekana nzuri zaidi kwa sababu hazihesabu mtawanyiko kwa namna ile ile.

MarandaNaMaji
Mama Vipimo kamaliza vipimo, mimi niongee kuhusu maranda na maji ya kukatia, maana watu huyakumbuka mashine ikishafungwa.

Alumini kwanza. Ukiondoa litre 5 kwa dakika unazalisha kilo 14 za maranda kila dakika, na yakilegea yanajaza nafasi mara nyingi zaidi. Spindeli ya kulala inasaidia kwa kuwa maranda huanguka yenyewe, lakini kwa mashine A meza ikiinama mfuko (shimo lililochongwa kwenye kipande) unaweza kutazama juu na kuwa bakuli. Kikatio kinayakata tena na kuchuna sakafu ya mfuko. Waambie wachonge kipande chako kwenye pembe hiyo hasa, na usimamie konveya kwa saa nzima.

Titani: "pampu ya bari 70" ni nusu ya taarifa. Kitobo cha 1 mm kwa bari 70 hupitisha karibu litre 4 kwa dakika. Kikatio chenye vitobo 20 kinataka kama litre 78. Pampu ikitoa litre 30 tu, shinikizo mdomoni linashuka hadi karibu bari 10, kwa sababu linapungua kwa mraba wa mtiririko. Geji ya pampu itaendelea kukudanganya kama iko kabla ya valvu. Uliza: bari 70 kwa litre ngapi?

Pia tenganisha maranda. Titani ikichanganyika na alumini mnunuzi wa chuma chakavu atawalipa bei ya taka. Na maranda membamba ya titani yakishika moto msimwage maji, wekeni chombo cha kuzimia moto wa metali karibu.

KarakanaWichita
Asanteni sana. Nimehesabu saa kama TokiKwanza alivyosema: titani inakula asilimia 55 ya saa za spindeli. Kwa hiyo naegemea B. Maswali mawili: ukuta wa 1.5 mm utakapopinda tutajuaje kama ni mashine au ni bamba? Na kuna B ya mtumba, miaka saba, bei karibu nusu. Vipi?

MamaVipimo
La kupinda: pima kwa probu kipande kikiwa bado kimefungwa, kisha legeza vibano na upime tena. Kikiwa sawa kimefungwa na kikapinda baada ya kulegezwa, huo ni msongo uliobaki ndani ya bamba au nguvu ya vibano, usimlaumu muuzaji. 7050-T7451 imevutwa kupunguza msongo, lakini haujaisha wote. Chonga ukiacha 2 hadi 3 mm, legeza, funga tena kwa nguvu ndogo, geuza, ndipo umalize. Angalia na joto: alumini inatanuka karibu maikromita 23 kwa mita kwa kila nyuzi, kwa hiyo kipande cha 600 mm kikiwa nyuzi 26 kinazidi maikromita 83 ukilinganisha na chumba cha vipimo cha nyuzi 20.

TokiKwanza
Mtumba: anza na spindeli. Nguvu ya kuvuta holda ipimwe kwa geji, ikishuka sana chini ya 45 kN springi zimechoka. Fimbo ya kupimia ya 300 mm, soma inavyoyumba ikizunguka, mdomoni na nchani. Mtetemo wa beringi kwenye kila ngazi ya mizunguko, siyo moja tu. Omba saa za spindeli na tarehe iliyobadilishwa mara ya mwisho. Kichwa kinachoinama kikague kwa kukisukuma huku saa ya kupimia ikisoma, breki ikiwa imefungwa na ikiwa wazi.

Kuna jambo la karatasi pia. Mashine zinazoendesha mihimili mitano kwa pamoja ziko kwenye orodha ya bidhaa zinazodhibitiwa, kipengele 2B001, kwa hiyo kuivusha mpaka huweza kuhitaji leseni. Mashine nyingi za Japani zina kihisi cha kuhamishwa: ukishaing'oa kwenye msingi wake inajifunga mpaka mtengenezaji aifungue. Mfanye muuzaji alipie kufunguliwa huko, iandikwe kwenye mkataba.

Na ukihamisha kazi kutoka mashine ya zamani kwenda hii, AS9102 (kiwango cha sekta ya ndege) inataka ukaguzi wa kipande cha kwanza urudiwe kwa vipimo vilivyoguswa na badiliko. Weka saa hizo kwenye ratiba. Malipo ya mwisho, asilimia 15 au 20, yabaki mkononi mpaka tufe, hatua na S zipite kwenye sakafu yenu, siyo kwao.